Gari Lililopimwa kwa Karatasi ya Kaki

Siku ya kwanza alipofika kwenye yadi ya magari, Futi hakuuliza bei. Alisimama mbele ya sedani ya Kijapani ya rangi ya fedha, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akavua utepe wa kupimia uliokuwa umening'inia shingoni, akapiga goti moja na kuanza kupima kutoka ardhini hadi kwenye kiti.

Muuzaji alimtazama kwa muda mikono ikiwa mfukoni. Wenzake walimwita Profesa, kwa kuwa hapakuwa na gari pale yadini ambalo hakuweza kulitolea mhadhara.

"Bosi," akasema mwishowe, "hilo unalinunua au unalishonea suruali?"

"Bado sijajua," Futi akajibu kwa ile sauti yake ya chini ambayo watu huiinamia ili waisikie. Akaandika kwenye daftari: *kiti cha nyuma, inchi ishirini na moja*.

Alikuwa fundi cherehani, na jina la Futi alilipata kutokana na utepe ule, ambao wateja walidai analala nao. Kushona hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufumua nguo kuukuu, kipande kwa kipande, na kuzirudisha zilivyokuwa, na tabia hiyo ikamganda. Kitu kigeni kikija mbele yake, hakusema kizuri wala kibaya mpaka ajue kwanza kimeunganishwaje.

Na safari hii alikuwa na sababu ya kutokosea. Sababu yenyewe ilikuwa mama yake.

Mama alikuwa ameanguka bafuni, akafanyiwa operesheni ya nyonga. Nyonga ilipona, ila goti la mguu uleule wa kushoto likabaki linakunja nusu tu. Siku ya kutoka hospitali walimpakia kwenye teksi ndogo. Kuingia aliingia kwa taabu. Kutoka ndiko kulikomshinda. Dereva akamshika makwapani, majirani wawili wakashika miguu, wakamvuta. Gauni likapanda juu ya magoti huku nusu ya mtaa ikitazama. Mama alipofika kitini sebuleni alishusha gauni lake, akalinyoosha kwa viganja, akasema, "Sitavutwa tena kama gunia." Hakulirudia neno hilo, wala hakutoka tena nje ya geti. Ilikuwa sasa mwezi wa kumi na nne.

Halafu mdogo wake Mama akapiga simu. Aliishi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa barabara. Macho yake yalikuwa yanakufa kidogo kidogo, na daktari alikuwa amemwambia ajiandae. Imebaki miezi, si miaka. "Dada," alisema, na Futi aliyesikia kutoka kwenye cherehani yake aliinua mguu kwenye pedeli ili kelele iishe, "njoo nikuone wakati bado ninaona."

"Nitakuja," Mama akasema. Akakata simu. Akachukua kitambaa cha meza, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Mara tatu. Futi alihesabu.

Gari la familia walikuwa wamelipanga siku nyingi, yeye na mkewe, kwa ajili ya kupeleka pacha wao shule na kubeba majora ya vitambaa. Sasa likawa na kazi moja mbele ya zote: Mama aingie mwenyewe, atoke mwenyewe, asiguswe na mtu.

Ndiyo maana alipima. Magari madogo aliyaacha mapema. Yalikuwa kama gauni la kubana, unaingia ukiwa umeshikilia pumzi. Yale marefu ya kupandia milima yalimtaka mtu anyanyue mguu juu kabla hata hajakaa, na mguu wa Mama ulikuwa haunyanyuki. Lililobaki ni la kati: si la chini mno, si la juu mno, kiti chake kikilingana karibu sawasawa na kiti cha sebuleni ambacho Mama alikuwa akikaa na kuinuka bila msaada.

"Sasa nikueleze," Profesa akaanza, akiegemea boneti. "Hili ni gari la baba mwenye familia. Injini lita moja nukta nane. Haili mafuta ovyo. Ukiwa na mguu wa adabu, lita moja inakupeleka kilomita kumi na mbili, kumi na tatu. Gia otomatiki. Lina cheni, halina mkanda wa kubadilisha kila mara. Buti hilo hapo, fungua uone, unaweka mizigo ya familia nzima na shemeji mmoja."

"Shemeji atapumulia wapi?"

Profesa akacheka. "Kumbe unaongea!"

Futi alifungua buti, akapima. Jora la kitambaa lingekaa kwa mshazari. Akainua zulia la chini, akaona tairi la akiba, akalibonyeza. Akaingia nyuma ya usukani, ambako viti vilikuwa vya kitambaa cha kijivu chenye nyuzi za bluu, akachunguza mshono wa kiti kwa ukucha. Ulikuwa mshono wa mara mbili, umenyooka kama mstari wa rula. Huyu aliyeshona hiki, akawaza, hakuwa na haraka. Akaandika.

"Kwa nini taa ya nyuma ya kulia ina rangi iliyokolea kuliko ya kushoto?" akauliza.

"Imebadilishwa. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani wameandika: liligongwa kidogo kwenye kona, taa ikabadilishwa. Mimi sifichi."

"Na mlango wa nyuma unafunguka mpaka wapi?"

"Bosi, tangu nianze kazi hii, watu wananiuliza spidi. Wewe ni wa kwanza kuniuliza mlango."

Profesa akawasha injini ili waisikie. Ilinguruma kidogo, ikatulia, na kutoka mahali fulani chini ya dashibodi sauti ya mwanamke ikasema maneno mengi, laini, ya Kijapani, kisha ikanyamaza.

"Anasema nini?" Futi akauliza.

"Anakukaribisha. Anasema, funga mkanda, safari njema."

Futi alisikiliza mara ya pili, na ya tatu. Sauti hiyo haikusikika kama ya mtu anayekaribisha. Ilikuwa kama ya mtu anayekumbusha jambo. Akaandika hilo pia, na kando yake akaweka alama ya kuuliza.

*

Alirudi siku ya pili na roli refu la karatasi ya kaki, ile ngumu ya kukatia patani za nguo. Profesa alimshikia ncha moja bila kuuliza. Alikuwa ameshakata tamaa ya kuelewa. Futi akaibandika karatasi kwenye uwazi wa mlango wa nyuma, akaufuata ukingo wote kwa chaki, juu kwenye paa, chini kwenye kizingiti, mbele kwenye nguzo ya katikati, nyuma kwenye mviringo wa gurudumu. Akaikunja, akaenda nayo.

Nyumbani aliitandika juu ya meza ya kukatia, akahamishia umbo lile kwenye karatasi kubwa zaidi, akashika mkasi, akakata. Mkono wake ulikwenda kama unavyokwenda siku zote. Kisha akaipigilia ile karatasi yenye tundu kwenye fremu ya mbao, akaisimamisha katikati ya sebule, na nyuma ya tundu akaweka kiti cha Mama, alichokiongezea mto mpaka kikafika inchi ishirini na moja.

Mkewe, Mama Pacha, aliingia na beseni la nguo, akasimama. "Baba Pacha. Tumehamia wapi?"

"Huo ni mlango wa gari."

"Aa. Na mimi dereva wangu yuko wapi?"

Mama alitoka chumbani akiegemea mkongojo wake. Aliitazama fremu, akaizunguka, akachungulia ndani ya tundu kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Hakuwa mtu wa kudanganywa, na Futi hakujaribu.

"Ni gari, Mama. Nimelipima. Ukipita hapa bila kugusa karatasi, na kwenye gari utapita. Usipopita, nitatafuta jingine. Hakuna mtu atakayekushika."

"Na nikiichana karatasi yako?"

"Nitakata nyingine."

Mama alifikiri. Kisha akakipa kiti mgongo, akatafuta ukingo wake kwa mkono, akakaa polepole, kichwa kikipita chini ya karatasi. Akageuka. Mguu wa kulia ukaingia. Mguu wa kushoto, ulionyooka kama fagio, ukafuata kwa kuzunguka, na kidole kikubwa kikapita karibu na ukingo wa karatasi, karibu kabisa, lakini hakikugusa.

Mama akageuka tena, akatoka alivyoingia, akasimama.

"Tena," akasema.

Alirudia mara nne. Mara ya nne alikuwa akitabasamu, na jioni hiyo alimpigia mdogo wake mwenyewe, akamwambia atandike kitanda.

*

Profesa alikubali kulileta gari nyumbani Jumamosi asubuhi. Alilisimamisha mbele ya geti, upande wa kushoto ukitazama nyumba. Jirani wa ng'ambo, makenika aliyejulikana kwa jina la Spana, alikuja na tochi, akafungua boneti, akavuta kijiti cha mafuta, akanusa, akalala chali chini ya gari mpaka ikabaki miguu tu.

"Chini kukavu," miguu ikasema. "Bushi za mbele, hizi raba za miguuni, zimeanza kuchoka, lakini hizo ni ndogo."

Geti likafunguka. Mama alikuwa amevaa gauni la bluu, lile alilokuwa akilihifadhi kwa ajili ya siku zenye maana. Alivuka kizingiti cha geti bila kukitazama, kama vile alikuwa amekivuka jana. Mama Pacha alitembea nyuma yake hatua tatu, mikono nyuma, kama walivyokubaliana.

Mama aliligeuzia gari mgongo. Akakaa. Akainamisha kichwa, lakini paa lilimgonga kidogo juu ya kilemba. Akageuka, mguu wa kulia ukaingia, na wa kushoto ukaja kwa kuzunguka, ukafika kwenye nguzo ya katikati, na kiatu kikagonga chuma. *Ko.* Akarudisha, akajaribu kwa pembe nyingine. *Ko.*

Alibaki hapo, nusu ndani nusu nje, mkono umeshika mlango. Ng'ambo ya barabara wanawake wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo.

Profesa, ambaye moyo wake ulikuwa mwema, alipiga hatua mbele. "Ngoja nikushike miguu, mama, ni kuvuta kidogo tu—"

"Usiniguse."

Hakupaza sauti. Profesa alirudi nyuma kana kwamba amegusa pasi ya moto.

Futi alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka ameibeba ile fremu, Mama akasogea kidogo nje na kusimama kwa mkongojo wake, naye akaiegemeza fremu kwenye uwazi wa mlango. Karatasi ilipaswa kulingana na chuma. Haikulingana. Chuma kilionekana ndani ya tundu pande zote, juu, chini, mbele, nyuma, kwa upana wa kidole gumba. Akaweka utepe. Inchi moja. Akahamisha. Inchi moja. Kila mahali inchi moja, sawasawa kabisa, kazi safi.

Aliutazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Miaka ishirini na sita mkono huo haujawahi kukata juu ya mstari wa chaki. Hukata nje yake, inchi moja, siku zote, bila kuambiwa, ili nguo ipate pa kushonewa.

"Mama," akasema, "nimekosea. Nimeacha nafasi ya mshono."

Spana alichomoa kichwa chini ya gari ili aone kuna nini.

"Umeacha nini?" Mama akauliza.

"Nafasi ya mshono. Kwenye gari."

Mama alimtazama mwanawe, akaitazama karatasi, akalitazama gari. Mabega yake yakaanza kutikisika. Futi alidhani analia, na akapiga hatua, lakini lilikuwa ni cheko, cheko lililotoka chini kabisa na kumlazimisha aegemee mlango.

"Basi lifumue baba, ulipanue kidogo kiunoni!" Mama akasema. Mama Pacha naye akashindwa kujizuia. Hata wale wanawake wa ng'ambo walicheka bila kujua wanacheka nini.

Lakini cheko likaisha, na chuma kilikuwa palepale. Futi aliibandua karatasi kwenye fremu, akaanza kuikunja. "Nitatafuta jingine," akasema. "Lenye mlango mpana zaidi."

"Lini?" Mama akauliza.

Futi alikuwa ameshazunguka yadi tano.

Ndipo Profesa, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, alipoingia na kuwasha injini ili alirudishe gari. Sauti ya mwanamke ikasema maneno yake laini, ikanyamaza.

Mama aligeuza kichwa. "Huyo ni nani?"

"Ni gari, mama," Profesa akasema. "Linakaribisha watu."

"Halikaribishi mtu," Spana akasema, akijipangusa mikono. "Nimewahi kuuliza. Kwao Japani kuna barabara za kulipia, unaweka kadi kwenye kijisanduku. Anasema kadi haimo."

"Kila siku anasema hivyo?"

"Kila ukiwasha."

"Na hakuna anayemjibu?" Mama alisogea mbele, hatua moja, mbili, akainama kuchungulia kupitia dirisha la mbele. "Sauti inatokea wapi? Pale penye redio? Nifungulie nione."

Profesa alinyoosha mkono akaufungua mlango wa mbele wa kushoto kutoka ndani. Mama aliegemea, akatazama vitufe, akatazama maandishi ya Kijapani kwenye skrini, yenye mistari mingi midogo kama tarizi. Na ili atazame vizuri zaidi, akafanya alichokuwa amekizoea baada ya mara nne za sebuleni: akakipa kiti mgongo, akakaa.

Kilemba hakikugusa paa.

Futi aliacha kukunja karatasi.

"Mama," akasema polepole, "hebu usigeuke kwanza." Akazunguka, akapiga goti, akatafuta chuma chini ya kiti, akakivuta. Kiti kikateleza nyuma, na Mama akiwa juu yake, mpaka mwisho. Futi akaweka utepe kuanzia ukingo wa kiti hadi mbele ya mlango. Akapima tena. Kisha akapima mara ya tatu, maana asubuhi hiyo hakuuamini mkono wake.

"Inchi saba zaidi ya nyuma," akasema.

"Na hukupima hapa tangu mwanzo?" Mama akauliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

Futi alifikiri kwa uaminifu. "Mtu mzima hukaa nyuma. Kwa heshima. Mbele ni kwa Mama Pacha."

"Aliyekwambia mimi nataka nyuma ni nani?"

"Hakuna."

"Umepima kiti, umepima mlango, umepima na buti. Kumuuliza mwenye mguu, hukumuuliza."

"Hata mimi hakuniuliza," Mama Pacha akasema. "Mama, kaa mbele. Mimi nikikaa nyuma na pacha angalau hawatapigana."

Mama aligeuka. Mguu wa kulia ukaingia. Wa kushoto ukaja kwa kuzunguka, mrefu, umenyooka, ukapita kwenye nafasi ile tupu bila kusikika kitu, ukatua kwenye zulia karibu na mwenzake. Akavuta gauni likafunika magoti, akalinyoosha kwa viganja. Akatazama mbele kupitia kioo, barabara yote mpaka kwenye kona.

Kisha akatoka mwenyewe. Kisha akaingia tena. Mara tano, bila kuharakishwa na mtu, huku Profesa akihesabu kwa midomo.

"Zima uwashe," akamwambia Profesa mwishowe. Gari likasema maneno yake. "Kadi tumeisahau nyumbani, mwanangu," Mama akalijibu. Akamgeukia Futi. "Haya, nenda kamalizane naye kuhusu hizo injini zenu. Mimi nipo."

*

Walisafiri wiki iliyofuata, bushi mpya zikiwa zimefungwa na Spana. Gari lilikuwa kama Futi alivyoandika kwenye daftari: si la haraka kwenye vilima, ambako injini ilipaza sauti kabla ya kuongeza mwendo, lakini kwenye barabara iliyonyooka lilikuwa tulivu kiasi kwamba pacha walilala na Mama akasikika akipumua. Kila waliposimama kunyoosha miguu, Mama alishuka na kupanda, na kila injini ilipowaka alimjibu yule mwanamke wa kwenye dashibodi.

Walifika alasiri. Mdogo wake alikuwa amekaa barazani, uso umeelekezwa getini, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza. Aliposikia gari alisimama, akaja akipapasa ukuta mpaka mwisho wa ukuta, halafu bila ukuta. Kijana mmoja wa nyumba ile akakimbilia mlango wa gari kusaidia.

"Asiniguse mtu," Mama akasema kutoka ndani.

Mlango ukafunguka. Ukatoka mguu wa kushoto, umenyooka. Ukatoka wa kulia. Ukatoka mkongojo. Mama akainuka taratibu, akasimama wima kwenye jua, gauni lake la bluu limeshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Mdogo wake alikuja karibu, karibu zaidi, mpaka nyuso zikawa na kiganja kimoja tu kati yake. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kilemba, akashuka kipande kwa kipande, akapanda tena.

"Dada," akasema, "umenenepa."